Jina na Ahadi: Historia ya Kanuni za Kutaja Maktaba Shirikishi katika Mifumo ya Jamii ya Unix na Fundisho Lake kwa Majina ya Kiutawala ya Ufipa

1.0 Utangulizi

Katika sensa ya mwaka 2002, Mkoa wa Rukwa ulihesabiwa kuwa na watu 1,141,743. Katika sensa ya mwaka 2012, mkoa wenye jina hilohilo ulihesabiwa kuwa na watu 1,004,539. Msomaji anayeziweka namba hizi mbili sambamba, bila maelezo mengine, atahitimisha kwamba katika muda wa miaka 10 Rukwa ilipungukiwa na watu 137,204. Hitimisho hilo si sahihi. Watu hao hawakwenda popote. Mwezi Machi 2012 eneo la Mpanda lilitengwa na kuwa Mkoa wa Katavi, na jina la Rukwa likabaki kwa sehemu iliyosalia, ambayo kiini chake ni uwanda wa juu wa Ufipa na makao yake makuu ni mji wa Sumbawanga. Jina halikubadilika, kilichobadilika ni kile ambacho jina hilo lilikuwa likikitaja.

Tatizo la namna hii linafahamika vyema katika taaluma ambayo kwa mtazamo wa kwanza iko mbali na mambo ya mikoa na sensa, yaani taaluma ya mifumo endeshi ya kompyuta. Tangu miaka ya 1980, watengenezaji wa mifumo ya jamii ya Unix wamelazimika kujiuliza swali moja mara nyingi: kitu kinachotegemewa na wengine kikibadilishwa ndani, ni lini kiruhusiwe kubaki na jina lake, na ni lini kipewe jina jipya? Majibu yao yalijenga kanuni za kutaja zile ziitwazo maktaba shirikishi.

Makala haya yanaeleza historia ya kanuni hizo, kisha yanazitumia kuangalia historia ya majina ya kiutawala katika Ufipa. Hoja kuu ni kwamba jina la kitu kinachotegemewa ni ahadi kwa wanaokitegemea. Ahadi ikitunzwa, mabadiliko ya ndani hayadai jina jipya. Ahadi ikivunjwa huku jina likibaki lilelile, hutokea kosa baya kuliko yote, yaani kosa lisilopiga kelele.

2.0 Maktaba shirikishi na swali la jina

Programu ya kompyuta mara chache hufanya kila kazi yenyewe. Kazi za kawaida, kama vile kusoma faili, kupanga herufi au kupiga hesabu za kipeo, huandikwa mara moja na kuwekwa katika mkusanyo uitwao maktaba. Zipo njia mbili za kuitumia maktaba. Njia ya kwanza ni kunakili sehemu inayohitajika na kuiweka ndani ya programu wakati programu inapoundwa. Njia ya pili ni kuiacha maktaba mahali pake kama faili la kujitegemea na kuiunganisha na programu pale tu programu inapoanza kuendeshwa. Maktaba ya namna hii ya pili hutumiwa na programu nyingi kwa wakati mmoja, na ndiyo sababu huitwa shirikishi.

Faida za njia ya pili ni mbili. Kwanza, nafasi ya diski na ya kumbukumbu huokolewa, kwa kuwa nakala moja huwatosha wote. Pili, kosa likigunduliwa ndani ya maktaba, hurekebishwa mahali pamoja na programu zote hupona. Mfano unaojulikana sana ni hitilafu ya usalama iliyopewa jina la Heartbleed, iliyotangazwa tarehe 7 Aprili 2014 katika maktaba ya OpenSSL. Toleo la 1.0.1g lilipochukua nafasi ya lile lenye hitilafu, programu zilizokuwa zikiitumia maktaba hiyo kwa kushirikiana hazikuhitaji kuandikwa wala kuundwa upya. Zilihitaji kuanzishwa upya tu.

Hata hivyo, faida hiyo hubeba hatari yake. Programu iliyokwisha kuundwa huwa imeiamini maktaba katika mambo mengi madogo: majina ya kazi zilizomo, mpangilio wa taarifa zinazopelekwa, na ukubwa wa kila kipande cha taarifa kwa hesabu ya baiti. Mambo hayo kwa pamoja yanaweza kuitwa makubaliano ya mashine. Mtengenezaji wa maktaba akiyabadilisha, programu ya zamani itaendelea kupeleka taarifa kwa mpangilio wa zamani kwa maktaba inayozipokea kwa mpangilio mpya. Programu huweza kuanguka papo hapo. Huweza pia kuendelea kufanya kazi na kutoa majibu yasiyo sahihi, na hili la pili ndilo lenye madhara zaidi, kwa sababu hakuna anayejua kwamba kuna kosa.

Programu huitafuta maktaba yake kwa jina. Kwa hiyo jina ndilo mahali pekee ambapo kuvunjika kwa makubaliano kunaweza kutambuliwa kabla madhara hayajatokea.

3.0 Kutoka mkusanyo wa .a hadi faili la .so

Unix ilianza mwaka 1969 katika maabara za Bell nchini Marekani, baada ya watafiti wake kujitoa katika mradi wa Multics. Multics ilikuwa na uwezo wa kuunganisha sehemu za programu wakati wa kuendeshwa. Unix ya awali iliuacha uwezo huo kwa ajili ya wepesi. Maktaba za Unix zilikuwa mikusanyo ya kawaida iliyotumiwa kwa njia ya kunakili. Desturi ya majina iliyotokana na kipindi hicho imedumu hadi leo: jina huanza na herufi lib, likafuatiwa na jina fupi la maktaba na mwisho wa .a. Katika Toleo la Saba la Unix, mwaka 1979, aliyekiambia kiunganishi -lm alimaanisha faili liitwalo libm.a, yaani maktaba ya hisabati. Namba ya toleo haikuwamo katika jina, na haikuhitajika, kwa kuwa kila programu ilibeba nakala yake. Maktaba ilipobadilika, programu zilizokwisha kuundwa hazikuguswa.

Katika miaka ya 1980 programu zilikua na kumbukumbu ilikuwa ghali, na wazo la kushirikiana likarudi. System V, Toleo la 3, ilileta maktaba shirikishi zilizopewa kila moja anuani yake maalumu katika kumbukumbu. Utaratibu huo ulidai kwamba mtu fulani agawe anuani ili maktaba mbili zisigongane, mithili ya ofisi ya ardhi inayogawa viwanja. Maktaba ikikua kupita mpaka wa kiwanja chake, ilileta matatizo.

Hatua kubwa ilichukuliwa na kampuni ya Sun. Mwaka 1987 wahandisi wake walieleza muundo mpya wa maktaba zinazoweza kupakiwa mahali popote katika kumbukumbu, na mwaka 1988 muundo huo ukatoka katika SunOS 4.0. Humo jina la faili lilibeba namba mbili baada ya herufi so: namba kuu na namba ndogo. Namba ndogo ilipanda pale maktaba ilipoongezewa jambo bila kuvunja la zamani. Namba kuu ilipanda pale makubaliano yalipovunjwa. Kipakiaji kilitafuta maktaba yenye namba kuu ileile iliyotumiwa wakati wa kuunda programu, na kati ya hizo kikachagua yenye namba ndogo iliyo kubwa kuliko zote. Kwa mara ya kwanza jina lenyewe lilieleza mpaka wa ahadi.

System V, Toleo la 4, ilileta muundo wa mafaili uitwao ELF, ambao baadaye ulienea katika mifumo mingi ya jamii ya Unix. Katika ELF, maktaba hubeba ndani yake jina rasmi, lijulikanalo kitaalamu kama SONAME, ambalo linaweza kutofautiana na jina la faili. Programu inapoundwa, kiunganishi huandika ndani yake jina hilo rasmi. Kutokana na utaratibu huo, maktaba moja katika Linux huwa na majina matatu. La kwanza ni la mwenye kuunda programu, kwa mfano libmfano.so, lisilo na namba. La pili ni jina rasmi, libmfano.so.1, lenye namba ya ahadi. La tatu ni la faili halisi, libmfano.so.1.2.3, linalotaja toleo kamili. Majina mawili ya kwanza ni viungo vinavyoelekeza kwenye la tatu. Faili halisi linaweza kubadilishwa mara nyingi, lakini maadamu ahadi ni ileile, kiungo cha libmfano.so.1 huelekezwa kwenye faili jipya na programu haitambui tofauti. Ahadi ikivunjwa, huzaliwa libmfano.so.2, na programu ya zamani huendelea kuitafuta ya kwanza. Isipoipata, hukataa kuanza na kutoa ujumbe unaotaja kile kinachokosekana.

Kukataa huko ndiko lengo la kanuni yote. Wasimamizi wa kompyuta hulalamika programu inapokataa kuanza, lakini kukataa kwa sauti ni bora kuliko kukubali kwa makosa.

Mifumo haikufuata njia moja. OpenBSD imeendelea na namba mbili za mtindo wa SunOS. Mfumo wa macOS huweka namba kabla ya mwisho wa jina, kama libmfano.1.dylib. Simu za Android, ambazo leo ziko mikononi mwa wafanyabiashara wa mahindi wa Sumbawanga kama zilivyo mikononi mwa watu wa Dar es Salaam, huziita maktaba zake kwa jina linaloishia .so tupu, bila namba. Programu ya Android hubeba ndani ya pakiti yake maktaba zake za ziada. Kwa hiyo ahadi kati ya maktaba hizo na programu haivuki mpaka wa pakiti, na namba haihitajiki. Hapa inaonekana kwamba namba katika jina ni ya lazima pale tu kitu kinapotegemewa na watu wasiofahamiana na mtengenezaji wake.

4.0 Jina lisilobadilika

Historia ya maktaba ya msingi ya lugha ya C katika Linux inaonyesha upande wa pili wa suala hili. Katika miaka ya mwanzo ya 1990 maktaba hiyo iliitwa libc.so.4 na ilitumia anuani zilizogawanywa. Linux ilipohamia ELF, takriban mwaka 1995, ikawa libc.so.5. Mwaka 1997 maktaba ya GNU, toleo la 2.0, ilichukua nafasi yake na kuitwa libc.so.6. Kila mpito ulikuwa na gharama kubwa: programu zilipaswa kuundwa upya, na kwa muda mrefu kompyuta zililazimika kubeba maktaba mbili kwa pamoja.

Tangu wakati huo namba 6 haijapanda katika kompyuta za kawaida. Hii haimaanishi kwamba maktaba haijabadilika. Watengenezaji wake walitumia mbinu iliyoanzia katika Solaris, mfumo wa Sun uliorithi SunOS, ya kutia alama ya toleo kwenye kila kazi badala ya kuitia kwenye maktaba nzima. Mfano mmojawapo ni kazi iitwayo memcpy, inayonakili baiti kutoka mahali pamoja hadi pengine. Programu kadhaa za zamani ziliitumia kinyume cha masharti yake, nazo zikaharibika pale utendaji wake wa ndani ulipoboreshwa. Katika toleo la 2.14, la mwaka 2011, kazi hiyo ilipewa alama mpya. Programu zilizoundwa zamani kwa kompyuta za biti 64 zikaendelea kupata tabia ya zamani chini ya alama ya GLIBC_2.2.5, na zilizoundwa baadaye zikapata tabia mpya. Maktaba moja, kwa jina moja, ilitunza ahadi mbili, kila moja kwa aliyepewa.

Njia nyingine ilitumiwa na Debian, mradi unaosambaza Linux pamoja na maelfu ya pakiti za programu. Wakati mwingine makubaliano ya mashine huvunjika bila mtengenezaji wa maktaba kupandisha namba yake, kwa sababu kilichobadilika ni kitu kilicho chini yake. Hivyo ndivyo ilivyokuwa mwaka 2024, Debian ilipoongeza ukubwa wa namba inayohifadhi saa na tarehe katika kompyuta za biti 32, ili zisikwame mwaka 2038. Jina la maktaba ya OpenSSL ndani ya faili halikubadilika, lakini jina la pakiti lilibadilishwa kutoka libssl3 kuwa libssl3t64. Msambazaji hakuwa na mamlaka ya kumbadilishia mtengenezaji jina lake. Alichoweza kufanya ni kutia alama pale alipokuwa na mamlaka, yaani kwenye pakiti aliyoitoa yeye mwenyewe.

5.0 Majina ya Ufipa kabla ya mkoa

Uwanda wa Ufipa uko kati ya Ziwa Tanganyika upande wa magharibi na bonde la Ziwa Rukwa upande wa mashariki. Historia yake ya kisiasa, kama ilivyoandikwa na mwanaanthropolojia Roy Willis katika kitabu chake cha mwaka 1981, inaanza na Milansi, makao ya kale yaliyohusishwa na wafua chuma. Baadaye ukoo wa Watwa ulitwaa utawala, ingawa kiongozi wa Milansi aliendelea kuheshimiwa katika mambo ya mila. Dola hiyo iligawanyika, zikawapo mbili, Nkansi na Lyangalile, kila moja ikiwa na mtawala wake aliyeitwa Mwene.

Mambo mawili katika historia hii yanahusiana na mada. Kwanza, Mwene ni jina la cheo na si la mtu. Mtawala alipofariki, mwingine aliketi mahali pake, na raia aliyekuwa na haki au wajibu kwa Mwene aliendelea kuwa nao. Uhusiano ulikuwa na kiti, na aliyekikalia aliweza kubadilika, kama vile kiungo cha jina rasmi kinavyoelekezwa kwenye faili jipya bila programu kusumbuka. Pili, dola ilipogawanyika, sehemu mbili zilijulikana kwa majina mawili. Aliyesema Nkansi hakueleweka kuwa amesema Lyangalile.

Utawala wa Wajerumani ulileta tatizo la aina nyingine. Kituo chao cha Kasanga, kwenye ufuko wa Ziwa Tanganyika, walikiita Bismarckburg, na wilaya ikachukua jina hilohilo. Lakini katika koloni lao la Togo, Afrika Magharibi, walikuwa na kituo kingine kilichoanzishwa mwaka 1888 na kuitwa Bismarckburg vilevile. Dola moja ikawa na vitu viwili vyenye jina moja, na anayesoma nyaraka za wakati ule hulazimika kwanza kujua koloni linalozungumziwa. Huu ni mgongano wa majina, ambao wajenzi wa Unix huuepuka kwa kutaja njia kamili ya faili. Baada ya majeshi ya Uingereza kukiteka kituo hicho mwaka 1916, jina la Kasanga lilirudi.

Mwaka 1963, baada ya uhuru, serikali ya Tanganyika ilifuta mamlaka ya kiutawala ya machifu. Hapa cheo cha Mwene kilipitia badiliko ambalo halikuwa la mtu wala la kiti, bali la ahadi yenyewe. Jina liliendelea kutamkwa kwa heshima katika shughuli za mila, lakini hakuna aliyelitegemea tena kwa kodi au hukumu. Badiliko hilo halikuwapotosha watu, kwa kuwa lilitangazwa kwa sheria. Ahadi ilivunjwa kwa sauti.

6.0 Rukwa mbili na Sumbawanga mbili

Mkoa wa Rukwa ulianzishwa mwaka 1974 kwa kuunganisha eneo la Mpanda lililotoka Mkoa wa Tabora na eneo la Sumbawanga lililotoka Mkoa wa Mbeya. Jina lilichukuliwa kutoka ziwani. Katika sensa ya 2002 mkoa huo ulikuwa na wilaya nne: Mpanda yenye watu 412,683, Sumbawanga Vijijini yenye 373,080, Nkasi, ambayo jina lake linatokana na ile dola ya Nkansi, yenye 208,497, na Sumbawanga Mjini yenye 147,483.

Mwaka 2012 yalifanyika mabadiliko mawili. Mpanda ilitoka na kuwa Katavi, na Wilaya ya Kalambo ilimegwa kutoka Sumbawanga Vijijini. Sensa ya mwaka huo ilitoa watu 564,604 kwa Katavi. Ndani ya Rukwa ilitoa 207,700 kwa Kalambo, 305,846 kwa Wilaya ya Sumbawanga, 281,200 kwa Nkasi na 209,793 kwa Manispaa ya Sumbawanga.

Msomaji anayefuata majina peke yake atakosea mara mbili. Ataona Rukwa imepungua kwa asilimia 12, na ataona Wilaya ya Sumbawanga imepungua kutoka 373,080 hadi 305,846. Anayefuata maeneo atapata picha nyingine kabisa. Wilaya tatu za 2002 zilizobaki Rukwa zilikuwa na jumla ya watu 729,060. Kwa hiyo ongezeko hadi 2012 ni watu 275,479, sawa na asilimia 38 hivi. Vivyo hivyo, Sumbawanga na Kalambo kwa pamoja zilikuwa na watu 513,546 mwaka 2012, yaani ongezeko la watu 140,466 katika eneo la iliyokuwa Sumbawanga Vijijini.

Tofauti kati ya kupungua kwa asilimia 12 na kuongezeka kwa asilimia 38 si jambo la kitaaluma tu. Idadi ya watu ndiyo msingi wa kukadiria madarasa, vitanda vya wodi ya wazazi, chanjo na visima. Mpangaji anayeamini kwamba watu wanapungua hatajenga. Na hakuna kitu kitakachomzuia: jedwali litafunguka, hesabu itakubali, mchoro utachorwa. Hii ni programu iliyopewa maktaba yenye jina sahihi na makubaliano tofauti.

Kwa upande mwingine, ulinganisho wa 2012 na 2022 ni halali. Sensa ya 2022 ilitoa watu 1,540,519 kwa Rukwa, ongezeko la watu 535,980, na katika kipindi hicho mkoa haukugawanywa tena. Yaliyobadilika yalibadilika ndani ya ahadi ileile.

Jina la Sumbawanga, ambalo wengi hulifasiri kuwa ni "tupa uchawi", lina ugumu wa ziada. Kwa wakati mmoja linataja manispaa, halmashauri ya wilaya inayopakana nayo, na Jimbo Katoliki ambalo mipaka yake haifuati ile ya serikali. Jimbo la Mpanda lilimegwa kutoka Jimbo la Sumbawanga mwaka 2000, miaka 12 kabla ya Katavi kuzaliwa. Hivyo basi, takwimu "za Sumbawanga" bila neno la kuzifafanua ni takwimu zisizo na mwenyewe.

7.0 Mjadala

Swali linalofuata ni kama Rukwa ilipaswa kupewa jina jipya mwaka 2012, kama libmfano.so.1 inavyoiachia nafasi libmfano.so.2. Ulinganisho huu una mipaka. Maktaba haina wazee, nyimbo wala timu ya mpira. Jina la mkoa ni sehemu ya utambulisho wa watu, na kulibadilisha kila mpaka unaposogezwa kungekuwa usumbufu kwao kwa ajili ya urahisi wa watunza majedwali.

Lakini msimbo si jina, na viwango vya kimataifa vinaonyesha kwamba viwili hivyo vinaweza kutenganishwa. Misimbo ya tarakimu ya nchi, inayotungwa na Umoja wa Mataifa kwa kazi za takwimu, hubadilika pale eneo la nchi linapobadilika kwa kiasi kikubwa, hata kama jina linabaki. Eritrea ilipojitenga mwaka 1993, msimbo wa Ethiopia ulibadilika kutoka 230 kuwa 231. Sudan Kusini ilipojitenga mwaka 2011, msimbo wa Sudan ulibadilika kutoka 736 kuwa 729. Misimbo ya herufi, ET na SD, ilibaki. Wananchi hawakupoteza majina ya nchi zao, na jedwali lililotumia tarakimu liligoma kuunganisha Sudan ya zamani na mpya kana kwamba ni moja. Hiyo ni kanuni ya namba kuu iliyotumiwa kwa nchi.

Kwa mikoa hali ni tofauti. Katika kiwango cha kimataifa cha misimbo ya maeneo ya ndani ya nchi, Katavi ilipewa msimbo mpya, TZ-28, lakini Rukwa iliendelea kuwa TZ-20 baada ya 2012 kama ilivyokuwa kabla yake. Programu ya takwimu inayoziunganisha sensa kwa msimbo huo itaziunganisha Rukwa mbili bila kugoma.

Katika mazingira hayo, mfano unaofaa zaidi ni ule wa Debian na ule wa memcpy. Anayesambaza takwimu hana mamlaka ya kuubadilishia mkoa jina wala kuubadilishia msimbo, lakini ana mamlaka juu ya jedwali lake. Anaweza kuandika "Rukwa, mipaka ya 2002" na "Rukwa, mipaka ya 2012" kama safu mbili tofauti, na kuziwekea alama mbili tofauti. Anaweza pia kutoa safu ya tatu inayopanga takwimu za zamani kwa mipaka mipya, ili kila msomaji apate ahadi aliyoijia. Kazi hiyo haihitaji sheria mpya. Inahitaji mtu anayekubali kwamba jedwali lake litasomwa na watu asiowajua, miaka ambayo hatakuwapo kuwaeleza.

8.0 Hitimisho

Kanuni za majina ya maktaba shirikishi hazikutungwa kwa siku moja. Majina yasiyo na namba yalitosha wakati kila programu ilibeba nakala yake. Namba iliingia katika jina pale vitu vilipoanza kutegemewa na wasiofahamiana, na baadaye alama zikashuka hadi kwenye kazi mojamoja na kupanda hadi kwenye pakiti, kila mara zikifuata mahali ambapo ahadi iliweza kuvunjika bila kuonekana.

Historia ya Ufipa inaonyesha hali zote hizo. Cheo cha Mwene kilidumu huku wenye cheo wakipita. Nkansi na Lyangalile zilijulikana kwa majina mawili. Bismarckburg iligongana na Bismarckburg nyingine. Rukwa iligawanyika na sehemu moja ikaendelea na jina, pamoja na msimbo, kana kwamba hakuna kilichotokea. Kati ya hizi, hali ya mwisho ndiyo inayohitaji uangalifu zaidi, kwa sababu mipaka ya mikoa na wilaya inaweza kuchorwa tena. Mkoa unaweza kubaki na jina lake lenye heshima. Lakini kila namba inayotolewa kwa jina hilo haina budi kuambatana na mwaka wa mipaka yake.